Fimbo ina duka, wewe huna

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: fimbo ya kuvulia samaki, na mahali pa kuisimamisha ndani ya chombo. Siku za mapumziko si ajabu kumwona mtu wa Dar es Salaam akipita Kibaha na fimbo mpya inayong'aa dirishani mwa gari, safari yake Mto Ruvu. Zaidi ya mmoja ameniuliza, ninunue ipi? Nami humrudishia swali: unamvua samaki gani, na umekaa ndani ya nini?

Huko Marekani yuko samaki wa maji baridi aitwaye crappie. Si mkubwa, lakini nyama yake inapendwa sana, na ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi. Ukimvuta kwa fimbo ngumu, ndoana huchana mdomo na samaki akaenda zake. Ndiyo maana wavuvi wa huko huchagua fimbo ndefu, za futi 10 hadi 16, zenye ncha laini. Husimamisha kadhaa, hata nane, mbele ya boti, zimetanda kama miguu ya buibui, kila moja katika kishikio chake, na boti ikienda polepole mno. Wavuvi wetu wa baharini nao huburuta mshipi nyuma ya chombo wakimtafuta nguru; huko ndiko kurambaza.

Sasa tuje Ruvu, mto utokao milima ya Uluguru, ukapita nchi ya Kibaha na Kisarawe, hata ukaingia baharini karibu na Bagamoyo. Hapa hatuna crappie. Tunao perege na kambale. Perege ana mdomo mdogo, naye huonja chambo kabla ya kumeza, hivyo anataka ndoana ndogo na ncha laini itakayokupa habari mapema. Kambale hukaa chini penye tope, na akishika anavuta kwelikweli. Huyo anataka shina lenye nguvu.

Basi fimbo ya Ruvu iwe laini nchani na ngumu shinani. Ishike shina, uitikise. Ikitikisika ncha peke yake, ni nzuri. Mtikisiko ukifika mpaka mkononi, ni legevu mno kwa kambale. Isipotikisika kabisa, hutamjua perege alipogusa. Urefu wa futi 8 au 9 unatosha mtumbwini, kwani ndefu zaidi itanasa kwenye matete. Na asiye na fedha za dukani asisononeke: mwanzi uliokaushwa vizuri kivulini una sifa hizo zote. Ila aununue kwa mwenye shamba. Asiende kuukata katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo ni hifadhi.

Ndugu wasikilizaji, kosa kubwa haliko kwenye fimbo, liko kwenye kishikio. Nasema haya kwa sababu yalinikuta. Nilikwenda na mzee mmoja, mwenyeji wa upande wa Mlandizi, katika mtumbwi wa mwembe. Mimi nilikuwa na fimbo ya dukani, nimeichomeka katika kipande cha bomba nilichokifunga ubavuni, nyuma ya mgongo wangu. Tuliuachia mtumbwi uchukuliwe na maji. Ghafla nikasikia bomba linagonga. Nilipogeuka, fimbo ilikwisha chomoka, inaelea. Nikajitupa kuidaka. Mtumbwi ukalala, maji yakaingia hadi kwenye vifundo vya miguu. Mzee akaegemea upande wa pili, akapiga kafi majini, akasema bila kupaza sauti, "Mwanangu, kaa! Fimbo ina duka, wewe huna."

Nikakaa. Fimbo ikaenda. Na Ruvu, mnaojua mtanisaidia, una mamba na viboko.

Kishikio cha mzee kilikuwa mti wenye panda, umefungwa kwa kamba kwenye ubao wa kukalia, mbele yake. Shina la ufito lilipita chini ya kitanzi, likalala juu ya panda. Samaki akivuta, shina linazidi kukaza kitanzini; mzee akitaka kuutoa, anausukuma mbele kidogo, kisha anauinua kwa mkono mmoja, bila kusimama wala kugeuka. Nikakumbuka wale Wamarekani na buibui wao: nao huweka fimbo mbele ya macho. Tofauti ni kwamba boti yao ni pana, inabeba nane. Mtumbwi wetu usibebe zaidi ya mbili, moja kila upande, ili uzito uwe sawa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua fimbo ya bei kubwa, tengeneza kishikio, na fedha itakayobaki nunua jaketi la kuokolea. Mwone afisa uvuvi akueleze habari za leseni, kwani Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inamhusu hata mvuvi wa Jumamosi. Nenda na mwenyeji, na mto ukifurika wakati wa masika, baki nyumbani.

Samaki atakayekuponyoka leo utamkuta kesho, mradi nawe uwepo.