Homa ya mafua: usingoje siku ya tatu

Leo tunazungumzia homa ya mafua.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, na humpata mtu ghafla: homa, kikohozi kikavu, kichwa na viungo kuuma. Wengi hupona baada ya wiki moja hivi. Lakini kwa mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, unaweza kuua.

Vidonge vya amoksilini alivyobakiza jirani havitibu homa ya mafua, maana haviui virusi. Zipo dawa zinazopambana na virusi hivyo. Oseltamiviri humezwa mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Baloksaviri, iliyo mpya zaidi, humezwa mara moja tu. Zote hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Hazipatikani kila zahanati. Kwa hiyo, kama uko miongoni mwa tuliowataja, wahi ukaulize.

Chanjo nayo hupitiwa upya kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika. Ikiletwa kambini, mama mjamzito usikose: itakukinga wewe, na mtoto pia katika miezi yake ya kwanza.

Nyumbani, kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono kwa sabuni, fungua mlango hewa ipite. Mtoto usimpe aspirini. Na akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, usisubiri kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya usiku huo huo.

Mwambie na jirani.