Kamba ya Kiuno

Wengi wetu tunaofanya kazi huku Lavington tunatoka Kawangware kwa miguu, lakini jioni ni chapati na soda, na viuno vinapanuka. Mwaka jana tuliamua kupunguza uzito. Mama mmoja kati yetu akasema lazima aingie gauni lake la harusi la 1998. Akaacha kula, akazirai kazini. Jamani, kipimo kile kilikuwa cha msichana. Yeye sasa ni mama wa watoto wanne!

Siku hizi tunapima hivi. Chukua kamba yenye urefu wako, kisigino hadi utosi, uikunje iwe nusu. Toa pumzi, uizungushe kiunoni, juu kidogo ya nyonga. Ncha zikikutana, vema. Mwenye urefu wa sentimita 160, kiuno kisizidi 80.

Zisipokutana, tusikate tamaa. Lengo la kwanza liwe dogo: mwenye kilo 90 apunguze kama 5 kwa miezi mitatu. Hata hizo husaidia presha na sukari. Mjamzito asitumie kipimo hiki, na anayemeza dawa za sukari aone daktari kwanza.

Basi, mkutano ujao kila mtu aje na kamba yake.