Kituo Kisicho na Mhudumu



Katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, palikuwa na kituo kidogo cha reli kiitwacho Kyu-Shirataki, maana yake Shirataki ya Zamani. Kilianza mwaka 1947. Hapakuwa na mkuu wa kituo wala mkata tiketi. Palikuwa na jukwaa moja na kibanda cha mbao cha kujikinga na theluji. Katika vituo vya namna hiyo, abiria huchukua kikaratasi chenye namba aingiapo katika treni, na ashukapo hulipa nauli mbele ya dereva.

Mwishoni, abiria wa kila siku wa kituo hicho alikuwa binti mmoja, mwanafunzi wa sekondari. Januari 2016 habari zake zilienea duniani. Ilisemwa kwamba shirika la reli lilikiacha kituo wazi kwa ajili yake peke yake, na kwamba ratiba ilifuata masomo yake. Nasi tuliipokea habari hiyo kwa furaha, tukaisimulia, tukaifananisha na mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa.

Baadaye tulitambua kwamba ilikuwa imetiwa chumvi. Wengi walitaja hata kituo kisicho chake, yaani Kami-Shirataki. Wanafunzi wengine pia walisafiri kwa reli hiyo. Na siku ya kufungwa, 26 Machi 2016, ilikuwa siku ya mabadiliko ya ratiba ya kila mwaka. Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki navyo vilifungwa siku hiyo hiyo.

Basi, ndugu zetu, twawawia radhi. Sisi tufundishao twapenda mifano mitamu, na mara nyingine twasahau kuuliza kama ni ya kweli. Lakini Mungu hahitaji uongo wetu ili apendwe.

Je, hakuna kilichosalia? Kipo. Treni ilisimama. Dereva hakuhitaji kububujikwa na huruma kila asubuhi. Kituo kilikuwa katika ratiba, na ratiba ni ahadi. Binti naye hakuhitaji kusifiwa. Alihitaji kufika jukwaani kwa wakati, hata wakati wa baridi kali. Machi hiyo alihitimu masomo yake.

Twaona hapa upendo usio na mbwembwe. Katekista anayekuta watoto watatu badala ya thelathini, je, afunge kitabu arudi nyumbani? Mama anayemwamkia mgonjwa yule yule kila alfajiri, nani atamwandika gazetini? Wao ndio treni inayosimama mahali pasipo na shahidi.

Kituo kile hakipo tena. Nasi hatuambiwi tudumu milele katika kila kazi. Twaambiwa tuwe waaminifu hadi siku yake ya mwisho. Wiki hii, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani anayetusubiri peke yake jukwaani?

Mungu awabariki nyote.