Nyumba Nayo Ina Ratiba Yake

(Maneno ya mwanachama mmoja wa kazi ya Reli, yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya utaratibu wa nyumba na jinsi ya kuokoa wakati katika kazi za nyumbani. Najua wako wazee hapa wanaojiuliza, je, Chama kimekosa maneno ya mishahara hata kije kutufundisha kuosha sufuria? Naomba mnivumilie. Tazameni viti vya upande ule. Wanachama wanawake wa tawi letu ni wengi kuliko hao waliokuja leo. Hao wengine hawakukataa kuja. Wako nyumbani wanachota maji, wanafua, wanapika. Mwaka 2021 Serikali ilihesabu jinsi watu wa Kenya wanavyotumia saa zao, ikaonekana kwamba mwanamke hufanya kazi ya nyumbani isiyo na mshahara kadiri ya mara tano ya mwanamume. Mtu asiyepata nafasi ya kuja mkutanoni hana kura, hata kama amelipa ada yake mpaka senti ya mwisho. Basi haya ni mambo ya Chama.

Tena liko jambo la usingizi. Mwenzetu atokaye zamu ya usiku, awe dereva, gadi au mtu wa pointi, hana budi kulala mchana. Wengi wetu twakaa chumba kimoja. Hapo hapo ndipo jiko lilipo, ndipo watoto walipo, na ndipo mama anapotafuta mfuniko chini ya kitanda alicholalia bwana. Mtu huyo akilala saa mbili tu, kisha akarudi kushika treni usiku, hatari haiko kwake peke yake.

Sisi watu wa Reli twajua mambo ya njia moja. Kati ya stesheni na stesheni haiingii ila treni moja. Ya pili hungoja kwenye njia ya kupishania mpaka ya kwanza ifike. Jiko la nyumbani ni njia moja. Lakini saa kumi na moja na nusu alfajiri utaona uji wa watoto, maji ya kuoga, chai ya baba na pasi ya makaa vyote vyataka kupita pamoja, na mama ndiye mwenye kusimamisha hiki na kuruhusu kile huku akigombezwa kwa kuchelewesha. Dawa yake ni kuondoa treni nyingine usiku. Chai itiwe katika chupa ya moto jioni, itakunywewa alfajiri bila kuwasha kitu. Makaa yanayobaki baada ya ugali yatiwe kwenye pasi, na nguo za shule za wiki nzima zipigwe pasi Jumapili jioni, si shati moja moja kila asubuhi. Viatu, mabuku na sare viwekwe mahali pamoja kabla ya kulala. Hapo asubuhi jiko hubaki na uji na maji tu.

Nimetaja makaa, sitapita bila kusema hili. Jiko la makaa lisilale ndani na watu, hata makaa yakionekana yamekuwa majivu. Hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Zaidi sana hatari hii yampata mtu wa zamu ya usiku, maana yeye hufunga dirisha mchana ili apate giza. Jiko litolewe nje kwanza, ndipo mlango ufungwe.

Sasa nije kwenye kikapu, ambacho nakisifu kuliko vyote. Twaa kikapu kikubwa chenye kushika sufuria, ukitandike ndani kwa blanketi kuukuu au masweta yaliyochakaa, chini na pande zote, na ushone mto wa kufunikia juu. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yatiwe maji mapya. Yachemke kwa nguvu nusu saa nzima. Usipunguze hapo, kwa kuwa maharagwe mekundu yasipochemka vizuri yana sumu ya kuumiza tumbo. Kisha sufuria ifunikwe, itiwe kikapuni mara moja ingali yatokota, na mto juu. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yameiva bila kaa hata moja, na hakuna mtu aliyekaa kuyaangalia. Mchele ni mwepesi zaidi: uchemke dakika tano, ukae kikapuni kadiri ya saa moja. Kabla ya kula maharagwe, yachemshwe tena kidogo. Na ndugu zetu wa Mombasa wasikilize: chakula kilichobaki Nairobi huweza kuonana na asubuhi, lakini joto la pwani halina huruma. Pikeni cha siku moja.

Huenda mtu akasema mambo haya ni ya wanawake, ya Reli yako wapi? Nitawaambia habari ya kweli. Mwaka 1926 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, nyumba nyingi za wafanya kazi zilikuwa zikijengwa. Jiko la nyumba hizo lilichorwa na mwanamke mmoja wa Austria, fundi wa kuchora majumba, jina lake Margarete Schütte-Lihotzky. Mfano wake aliutoa katika jiko la behewa la chakula la treni. Aliona mpishi wa treni hulisha abiria wengi katika nafasi ndogo mno, kwa sababu kila kitu ki mkononi mwake. Naye akafanya jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, akapima kila hatua kwa saa, akaweka vibweta vyenye majina ya unga, mchele na sukari. Nyumba kadiri ya 10,000 zilipata jiko la namna hiyo. Kwa hiyo Reli ndiyo iliyofundisha nyumba.

Hatuna vibweta vile, lakini makopo ya mafuta ya kupikia tunayo. Yaoshwe, yaandikwe majina, yapangwe kwa rafu moja iliyo juu ya jiko. Kitu cha kila siku kiwe mbele, cha sikukuu kiwe nyuma. Kila ajuaye kushanti mabehewa aelewa: behewa unalolihitaji kwanza likiwa nyuma ya mengine sita, umejitafutia kazi. Sufuria kubwa kuwekwa ndani ya ndogo haiwezekani, lakini nimeona nyumba ambazo ndogo ya kila siku iko chini ya zote. Na unga, maharagwe na sabuni vinunuliwe siku ya mshahara, unga kwa gorogoro kadhaa pamoja. Kumtuma mtoto dukani mara nne kwa siku ni hasara ya fedha na ya masomo.

Maji ni mazito. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na nyumba ya watu sita huweza kumaliza mitano au zaidi. Palipo na mgawo, siku ya maji ijulikane na iandikwe ukutani, na mitungi yote ijazwe siku hiyo, na mwenye mabega mapana ndiye achukue. Sielewi kwa nini mtu anayebeba mataruma kazini hushindwa na mtungi mtaani kwake.

Kazini hatuondoki bila kukabidhi. Anayetoka huandika, anayeingia husoma. Nyumbani twaweza kuwa na karatasi moja mlangoni: zamu ya baba, zamu ya mama ikiwa naye ni mfanya kazi, saa za usingizi ambazo watoto watacheza nje, nani anaosha vyombo leo. Watoto wa kiume nao waandikwe. Dakika 40 zikiokolewa kila siku ni saa 20 kwa mwezi, yaani zamu mbili na nusu za saa nane. Chama nacho kiendelee kudai ratiba ya zamu ijulikane siku nyingi mbele, kwani nyumba haipangiki kwa zamu inayojulikana usiku wa kuamkia.

Bwana Mwenyekiti, natoa shauri moja mbele ya mkutano. Mkutano wa tawi uondolewe Jumamosi asubuhi, saa za kufua, uwe Jumapili saa tisa alasiri baada ya ibada. Na mwanachama ambaye mkewe pia ni mwanachama abaki na watoto mkutano mmoja, mkewe abaki mkutano wa pili. Naomba mtu wa kuniunga mkono.