Uhuru wa Kusema na Maneno ya Chuki: Mpaka Uwe Wapi?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za miradi za sharika na wageni kutoka sharika rafiki)



Tulipangiwa kusoma taarifa ya maji. Taarifa hiyo mnayo mikononi. Tunaomba radhi, muda huu tuutumie kwa jambo ambalo halimo ndani yake, ingawa lilipaswa kuwemo.

Mtakumbuka kwamba katika usharika wetu mmoja lilichimbwa lambo kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Jumapili moja, wakati wa matangazo, mjumbe wa kamati alisimama akasema kwamba wafugaji wale ni nzige, na kwamba nzige haombwi kuondoka bali huchomwa moto. Watu walicheka. Sisi wa ofisi ya miradi tulikuwepo, tumeketi viti vya mbele, na hatukusema neno. Siku tatu baadaye boma moja liliteketea usiku. Hakuna mtu aliyekufa, ila ndama sita waliungua pamoja na akiba ya chakula ya familia. Hatuwezi kuthibitisha ni nani aliyewasha moto, wala kwamba alikuwepo kanisani siku ile. Tunachojua ni kwamba katika taarifa ya robo mwaka ile tuliandika kuwa ilitokea ajali ya moto.

Tangu hapo baadhi ya washirika wetu wamependekeza katiba za kamati ziongezewe kifungu cha kumwondoa yeyote atoaye maneno ya chuki. Kamati kadhaa zimekikataa. Zinasema leo kitamwondoa aliyewaita watu nzige, na kesho kitamwondoa anayeuliza saruji imekwenda wapi. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu tumesimama hapa.

Jambo hili halikuanza kwetu, na lilijadiliwa kwa kina hapa nchini, pale Arusha. Mwezi Julai 1993 kituo cha redio cha RTLM kilianza kutangaza mjini Kigali. Kilikuwa na muziki mzuri na utani mwingi, vijana wakakipenda. Katikati ya muziki Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Baada ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa, redio ile ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na waliosikiliza walikwenda na mapanga. Wazee wetu waliofanya kazi na TCRS kule Ngara wanakumbuka mwisho wa mwezi ule, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi.

Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalum ya Rwanda, ikaketi Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa ajili ya RTLM, na Hassan Ngeze kwa ajili ya gazeti la Kangura. Nahimana na Ngeze walipewa kifungo cha maisha, Barayagwiza miaka 35. Utetezi ulisema walikuwa wanatumia uhuru wa habari. Mahakama ilikataa.

Hapo ndipo wengi wetu huishia tunaposimulia. Lakini kulikuwa na rufaa, na tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufaa walipunguza adhabu: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Walitofautisha maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa kuua. Matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili, walisema, yalieneza chuki, lakini haikuthibitika kwamba yalikuwa wito wa dhahiri wa kuangamiza watu. Yale ya baadaye ndiyo yaliyobaki kuwa hatia ya uchochezi. Tunakiri kwamba uamuzi huo ulitusumbua tulipousoma, kwa sababu ni yale ya kwanza yaliyowazoesha watu kumwona jirani kama mdudu. Hata hivyo tumekuja kuona kwamba majaji walikuwa na sababu ya kuwa waangalifu.

Angalieni yaliyofuata. Mwaka 2008 Rwanda ilitunga sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari. Nia yake hakuna asiyeielewa. Lakini maneno yake yalikuwa mapana, ikalaumiwa kwamba inawanasa hata wakosoaji wa serikali, nayo ikaandikwa upya mwaka 2013 na tena 2018. Na kwetu? Machi 2019, Arusha hiyohiyo, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwemo vya uchochezi, vilikwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kwa hiyo ndugu wa kamati zinazohofia habari ya saruji hawaoti ndoto.

Wageni wetu nao hawasemi kauli moja. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 19, na ibara inayofuata inataka sheria izuie chuki ya taifa, rangi au dini inayochochea ubaguzi, uadui au fujo. Ujerumani ina kifungu cha 130 cha sheria yake ya jinai. Marekani iliiwekea ibara ya 20 pingamizi iliporidhia mkataba mwaka 1992. Kwao, tangu hukumu ya Brandenburg ya mwaka 1969, maneno huadhibiwa pale tu yanapolenga kuleta uvunjaji wa sheria papo hapo na yanapoelekea kuuleta kweli. Jana jioni mezani tuliwasikia wakibishana wenyewe kwa wenyewe, chai ikapoa.

Na sisi Walutheri tusijifanye watazamaji. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi akishauri masinagogi yao yachomwe moto. Wanazi walikitumia. Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, lilitoa tamko rasmi la kuyakataa maandiko hayo mwaka 1994, karne nne na nusu baadaye. Luther huyohuyo, akifafanua amri ya nane katika Katekisimo Ndogo, anatutaka tumtetee jirani tunaposikia akichafuliwa. Tukiwa viti vya mbele Jumapili ile, hatukufanya hivyo.

Pendekezo letu ni hili. Kifungu kiwepo, lakini kiwe chembamba. Kimhusu anayehimiza watu wapigwe, wafukuzwe, wachomewe au wanyimwe maji kwa sababu ya kabila, dini au kazi yao. Kumlaumu mwenyekiti, hata kwa ukali, kisihusike. Kuuliza habari za fedha, kisihusike kabisa. Kumwita mtu mdudu bila wito wa kumdhuru kusimwondoe mtu kwenye kamati, ila mwenye kiti awajibike kumjibu pale pale, mbele ya wote, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Atakayeamua kesi asiwe mwenyekiti wala mtunza hazina wa kamati ileile. Wakae watu watatu kutoka sharika nyingine, na mmoja wao atoke upande wa waliotajwa.

Rasimu mtagawiwa sasa. Ijadilini sharikani, mfute mnachotaka kufuta, iturudie kabla ya Halmashauri Kuu. Pamoja nayo mtapata taarifa ya robo mwaka ile, iliyoandikwa upya. Ukurasa wa nne sasa unaeleza yaliyosemwa wakati wa matangazo, ndama sita, na kwamba ofisi ya miradi ilikuwepo.