DAWA ZA JAMII YA SEFALOSPORINI NA MATUMIZI YAKE

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika nyanda za juu za Ufipa miezi ya Juni na Julai huja na mambo mawili kwa pamoja: baridi kali na fedha za mahindi. Baridi huleta mafua na kikohozi. Fedha humwezesha mwanachama kuingia katika duka la dawa, iwe Sumbawanga mjini, Laela au Matai, na kuomba sindano yenye nguvu. Sindano inayotajwa ni sefitriaksoni. Ni dawa njema sana. Lakini mafua huletwa na virusi, na sefitriaksoni haina uwezo wowote juu ya virusi, wala haitibu malaria.

Sefitriaksoni ni ya jamii ya dawa ziitwazo sefalosporini, ambazo asili yake ni ya kustaajabisha. Mwaka 1945 Profesa Giuseppe Brotzu wa mji wa Cagliari, kisiwani Sardinia, nchini Italia, alichota maji ya bahari mahali mfereji wa maji machafu ulipomwagia, akapata humo kuvu iliyowazuia bakteria wa homa ya matumbo wasikue. Kuvu hiyo ilipelekwa Oxford, Uingereza, ambako mwaka 1953 Edward Abraham na Guy Newton walitenga sefalosporini C. Dawa ya kwanza iliyotokana nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1964. Daktari Adrian Atiman, ambaye jina lake linabebwa na hospitali iliyoko Sumbawanga, alianza kuhudumia wagonjwa Karema mwaka 1889 na kufariki mwaka 1956. Maisha yake yote ya kazi yalipita kabla dawa hizi hazijauzwa.

Utendaji wake wafaa ueleweke, na mtu aliyewahi kujenga nyumba ya tofali hatashindwa kuuelewa. Bakteria ni kiumbe wa chembe moja aliyezungukwa na ukuta, na kila akuapo hana budi kuupanua. Ndani yake mna protini zifanyazo kazi ya mafundi, yaani kuunganisha tofali kwa tofali. Sefalosporini hujifananisha na kipande cha tofali hilo. Fundi akikishika, mkono wake hunasa wala haufunguki tena. Ukuta hudhoofika, maji huingia, bakteria hupasuka. Chembe za mwili wa binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, na ndiyo sababu dawa yaweza kumwua mdudu bila kumwua mgonjwa.

Dawa hizi zimegawanywa kwa vizazi. Sefaleksini na sefazolini, za kizazi cha kwanza, hutumika kwa vidonda vya ngozi vilivyoambukizwa na kabla ya upasuaji. Sefitriaksoni ni ya kizazi cha tatu, nayo huwekwa kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo, nimonia kali na maambukizi ya damu.

Hapa ndipo penye hatari. Wako bakteria wanaotengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijamfikia fundi. Mtu mwenye mafua akidungwa, bakteria dhaifu waliomo tumboni mwake hufa, na wale wenye kimeng'enya hubaki na nafasi ya kuzaana, kisha huenea kwa mikono na maji hadi kwa jirani. Uchunguzi uliofanywa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002, kwa watoto wenye maambukizi ya damu, ulionyesha kuwa walioambukizwa bakteria wenye kimeng'enya hicho walifariki asilimia 71. Kwa bakteria wasio nacho ilikuwa asilimia 39. Watoto hao hawakuwa na kosa lolote.

Katibu anapoombwa fedha za matibabu na aulize, kwa heshima, kama mgonjwa ameonwa na daktari au mganga wa zahanati. Mwenye homa na shingo iliyokakamaa, au mtoto apumuaye kwa shida, apelekwe hospitali siku ileile bila kuulizwa mengi. Aliyewahi kudhurika kwa penisilini lazima aseme kabla ya kudungwa, kwani dawa hizi ni za ukoo mmoja.

Zipo pia sefalosporini za mifugo. Mwenye ng'ombe amwite mtaalamu wa mifugo, asitumie sindano iliyosalia ya mtu. Na maziwa na nyama visiuzwe hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.