Mzee Kitereza na Kaya Isiyo na Mtoto



Leo tumkumbuke Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Yeye na mkewe, Anna Katura, walijaliwa watoto wanne. Wote walifariki wakiwa wadogo. Wengi wa zama zake wangeoa mke mwingine. Yeye alibaki na Anna.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambao ndugu waliwatenganisha kwa kukosa mtoto. Myombekere hakukata tamaa. Alikwenda kwa wakwe, akatozwa pombe ya ndizi, akailipa, akarudi na mkewe.

Kwa miaka mingi mchapishaji hakupatikana. Mzee akakitafsiri kitabu mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa na Tanzania Publishing House. Alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia.

Ndugu zangu, mashauri ya mke kufukuzwa kwa kukosa mtoto bado yanaletwa mbele yetu. Tunapoyasikiliza, tusianze kwa kuhesabu watoto. Tumwulize mume: je, mwenzako umemtetea?